Kikapu cha Iringa nacho kipatiwe mwenyewe kabla hakijafika Milan

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu kampuni kubwa za mitindo za Ulaya na kazi za mikono za India. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na pia ninafundisha ushonaji, kwa hiyo vitambaa vya India pamoja na nakshi na nyuzi zake za dhahabu ni sehemu ya riziki yangu. Nimewasikia wanaosema kuwa ugomvi huu ni wa matajiri na hauwahusu watu wa Nyanda za Juu Kusini, na nimewasikia pia wanaosema kuwa kila anayeshona mtindo wa watu wengine ni mwizi. Katika mabishano yao jambo lenye manufaa kwetu limepita bila kuonekana, nalo ni swali la nani hasa mwenye mamlaka ya kusema kwa niaba ya mafundi pale kazi yao inapochukuliwa.

Kisa chenyewe kimesimuliwa nusu nusu, hivyo naomba nikieleze chote. Mwezi Juni mwaka 2025 kampuni ya mitindo ya Prada ya Italia ilionyesha mjini Milan mavazi ya wanaume ya msimu wa 2026, na miguuni mwa baadhi ya wanamitindo kulikuwa na makubazi bapa yenye kitanzi cha kidole gumba. Maelezo ya kampuni yaliyaita makubazi ya ngozi, basi. Watu wa jimbo la Maharashtra nchini India waliyatambua mara moja kuwa ni ya mtindo wa Kolhapur, mji wa jimbo hilo, ambayo hutengenezwa kwa mkono kwa ngozi iliyolainishwa kwa magome na mimea, na mikanda yake husukwa kwa vipande vyembamba vya ngozi. Mtawala wa Kolhapur, Shahu Maharaj, aliyefariki mwaka 1922, anakumbukwa kwa kuipa kazi hiyo hadhi na kuwatia moyo mafundi wake. Mwaka 2019 makubazi hayo yalisajiliwa nchini India kwa kiashiria cha kijiografia, yaani jina la Kolhapuri litumike tu kwa yale yanayotoka katika wilaya nane, nne za Maharashtra na nne za jimbo jirani la Karnataka.

Malalamiko yalipozidi, chama cha wafanyabiashara cha Maharashtra kiliiandikia Prada, na Lorenzo Bertelli, mtoto wa wamiliki na mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, akajibu kwa kukiri kuwa makubazi yale yalitokana na kazi ya jadi ya India. Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo. Mimi naona sehemu inayotufundisha zaidi ilikuja baadaye, mahakamani. Mwezi Julai kundi la mawakili lilifikisha katika Mahakama Kuu ya Bombay shauri lililotaka Prada iombe radhi na mafundi walipwe fidia, na Mahakama ikalitupilia mbali kwa hoja ambayo mtu mwenye hasira anaweza kuiona ni ya kikatili: mawakili hao hawakuwa wenye jina. Jina la Kolhapuri limesajiliwa kwa mashirika mawili ya umma yanayoshughulikia maendeleo ya kazi za ngozi, LIDCOM la Maharashtra na LIDKAR la Karnataka, na kama kuna aliyepaswa kusimama mbele ya jaji ni mashirika hayo. Ilipofika Desemba mwaka huo huo, ni mashirika hayo hayo mawili yaliyokubaliana na Prada kwamba jozi 2,000 zitengenezwe Maharashtra na Karnataka, ziuzwe kwa takribani euro 800 kila moja, na mafundi wapatiwe mafunzo. Katika masoko ya huko kwao jozi ya kawaida hupatikana kwa dola 12 hivi.

Ukiutazama mfuatano huo kwa makini, utaona kwamba sheria ya viashiria vya kijiografia haikuishinda Prada. Sheria ya namna hiyo humwadhibu anayelitumia jina kwa uongo, akauza Kolhapuri isiyotoka katika wilaya zile nane. Prada haikulitumia jina hilo hata kidogo. Ule ukimya uliowaudhi watu ndio uliokuwa kinga yake. Kilichoirudisha mezani, kwa maoni yangu, ni aibu mbele ya wateja, pamoja na ukweli kwamba India ni soko ambalo kampuni hizo zinalimezea mate. Lakini aibu peke yake ingezaa barua ya kuomba radhi isiyo na wa kuipokea. Kwa kuwa jina lilikwisha kuandikwa kwenye daftari miaka sita kabla, likiwa na wenyewe wanaojulikana, kulikuwa na mtu wa kukaa naye, kupanga naye idadi ya jozi na kutia naye saini.

Sidai kuwa mkataba ule umemaliza deni. Jozi 2,000 ni chache sana kwa ufundi unaolisha familia nyingi, na swali la sehemu gani ya zile euro 800 inamfikia mtu anayekaa chini na sindano na nyundo yapaswa kuulizwa kila mwaka. Kuna na jambo ambalo waliozungumza kwa jina la fahari ya India hawakupenda kulitaja. Kazi ya ngozi huko imefanywa kwa vizazi na jamii zilizohesabiwa kuwa najisi kwa sababu ya kazi yenyewe, zikatengwa visimani na mahekaluni. Fahari ilipokuja ikawa ya taifa zima, ilhali dharau ilibebwa na familia za mafundi peke yao. Anayetaka kutetea kazi ya mikono na aanze kwa kuuliza habari za mikono hiyo kwa jirani yake mwenyewe, wala asingoje mpaka Mzungu aivae.

Sasa niwageukie wanaodai kuwa kila kuazima ni wizi. Yule mchoro wa korosho ulioenea kwenye kanga zetu ni ndugu wa mchoro wa shali za Kashmir, ambazo zilipendwa mno Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Wafumaji wa mji wa Paisley huko Scotland waliziiga katika karne ya 19 kwa mitambo, wakaziuza kwa bei ambayo mfumaji wa Kashmir hangeweza kushindana nayo, na hadi leo sehemu kubwa ya dunia inauita mchoro huo kwa jina la mji wao. Kabla ya hapo, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1700 na tena mwaka 1721 za kuzuia vitambaa vya pamba vilivyochapwa vya India ili kuwalinda wafumaji wa sufu na hariri wa nyumbani, na Ufaransa ikawa na katazo lake tangu 1686 hadi 1759. Ndani ya miaka hiyo hiyo Wazungu walikuwa wakijifunza kuchapa vitambaa vya namna ile. Kosa halikuwa kupenda maua ya Kihindi. Kosa lilikuwa kumfungia mlango mwenye maua huku ukijifunza kazi yake.

Kanga ilipita njia nyingine kabisa. Wanawake wa pwani walisema wanachokitaka, wafanyabiashara wenye asili ya India kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa walipeleka michoro na maneno viwandani ng'ambo, na viwanda vya India vinatuchapia doti hadi leo. Kila upande ulipata kazi na hakuna aliyezuiwa kuendelea na yake. Ndiyo maana siwezi kumwita mwizi binti wa Njombe anayekata gauni kwa kitambaa cha sari, wala kamati ya kicheni pati ya Tukuyu inayochagua sare za Kihindi. Wauzaji wa vitambaa wa Uhindini hapa mjini wangenicheka nikisema hivyo, na wangekuwa na haki.

Lakini tusijitakase upesi. Nimekuwa katika kazi hii vya kutosha kujua tunavyowajibu wateja. Mteja akishika kitambaa kilichochapwa kwa chapa za mbao huko Rajasthan, India, na kuuliza kimetoka wapi, huambiwa kimetoka Dubai, kwa kuwa ndiko kilikopitia, au Kariakoo, kwa kuwa ndiko tulikokinunua. Gauni likipigwa picha na kusambazwa kwenye simu huandikwa jina la fundi aliyelishona peke yake, kana kwamba na ile nakshi ya shingoni, iliyochukua siku kadhaa za mtu mwingine, ilitoka kwenye cherehani yake. Tunafanya yale yale yaliyofanyika Milan, tofauti ni ukubwa wa duka.

Mfano wa wazi ni chikankari, ile tarizi laini ya mji wa Lucknow nchini India iliyopata kiashiria cha kijiografia mwaka 2008. Mchoro hupigwa kwanza kwenye kitambaa chepesi kwa chapa ya mbao na wino wa buluu unaofutika, kisha wanawake hutarizi kwa mkono, wengi wao wakifanyia majumbani mwao, na mwisho kitambaa hufuliwa hadi wino wote utoke. Mojawapo ya mishono yake hushonwa upande wa nyuma, ili mbele kionekane kivuli tu cha uzi. Mashine inaiga sura ya mbele vizuri sana, na vitambaa vya mashine vinauzwa madukani kwetu kwa jina la kazi ya mkono kwa watu wasiojua kugeuza nguo na kuangalia nyuma. Kuuza cha mashine si dhambi, maana mteja wa kipato cha chini naye ana haki ya kupendeza. Dhambi ni kumwambia kuwa ni cha mkono, kwa sababu bei ya uongo ule inalipwa na mwanamke wa Lucknow ambaye kazi yake inaonekana ghali bila sababu.

Wahindi wenyewe wamelumbana juu ya jambo hili. Mwaka 2021 mbunifu maarufu wa Kolkata, Sabyasachi Mukherjee, alishirikiana na kampuni ya mavazi ya H&M kutoa mavazi yaliyotangazwa kwa sifa za ufundi wa India, na mashirika ya kazi za mikono yakamwandikia barua ya wazi yakilalamika kuwa michoro inayofanana na ya Sanganer, mji wa wachapaji karibu na Jaipur, ilichapwa kwa mashine bila mafundi kupata kazi yoyote. Kwa hiyo asije mtu akadhani suala hili linaishia kwenye rangi ya ngozi ya aliyechukua. Kwa upande mwingine, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, Dior, ambayo mwaka 2018 ililalamikiwa na duka la People Tree la Delhi kwa mchoro uliofanana na wao na shauri likamalizwa nje ya mahakama, ilifanya onyesho lake Mumbai mwezi Machi mwaka 2023 mbele ya lango la Gateway of India na kuitaja waziwazi karakana ya Chanakya, iliyokuwa ikiitarizia kwa miaka mingi. Kutajwa huko si jambo dogo ukikumbuka kwamba nguo inaweza kutariziwa Mumbai, ikaunganishwa Italia au Ufaransa, na lebo yake ikaitaja nchi ya Ulaya pekee bila kuvunja sheria yoyote.

Nafika sasa kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Wanawake wa Iringa, hasa Wahehe, husuka vikapu kwa milulu inayovunwa penye majimaji, kazi safi inayokaza kiasi kwamba kikapu husimama chenyewe. Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Kyela hadi Ludewa, hufinyanga vyungu bila gurudumu, navyo husombwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, kisha hupandishwa Tukuyu na Mbeya hadi kwenye majiko yetu. Kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia utaviona vikiuzwa kama vikapu tu na vyungu tu. Ajabu ni kwamba kikapu kimeanza kujulikana: yapo maduka ya ng'ambo yanayokiuza kwa jina la Iringa. Jina basi limekwishatoka nyumbani, na limetoka bila mwenyewe. Kesho kiwanda chochote, popote duniani, kikisuka kikapu cha nyuzi za plastiki na kukiita cha Iringa, ni nani kati yetu atakayepanda kizimbani na kusema kuwa jina hilo ni lake? Tutakuwa kama wale mawakili wa Bombay, wenye uchungu wa kweli na wasio na haki ya kusikilizwa.

Hatari hii si ya kubuni. Miaka ya 2006 na 2007 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara nchini humo, na ilibidi watetezi wa biashara ya haki wa Kenya na wa Uingereza waweke pingamizi hadi maombi yakaachwa. Shuka la Kimasai nalo lilionekana katika mavazi ya wanaume ya kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa ya mwaka 2012, na Wamasai wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakijipanga kudai malipo kwa matumizi ya jina na sura yao kibiashara. Sisi wa kusini hatujaanza hata kuhesabu tulicho nacho.

Hatuko mikono mitupu kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu kazi za sanaa za jadi. Wenzetu wa Zanzibar waliingiza viashiria vya kijiografia katika sheria yao ya mali za viwanda ya mwaka 2008. Nchi wanachama wa ARIPO, shirika la kikanda la mali bunifu ambalo Tanzania imo, zilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010 kwa ajili ya kulinda maarifa ya jadi, na Malawi, tunayotazamana nayo ng'ambo ya ziwa, ni miongoni mwa nchi zilizoiridhia. Kinachokosekana ni chombo cha mafundi wenyewe, chenye orodha ya wanachama, chenye kanuni zilizoandikwa kuhusu malighafi, namna ya kusuka au kufinyanga na eneo linalohusika, na chenye uwezo wa kuingia mkataba na mnunuzi mkubwa au kumshitaki.

Kuhusu Wakisi, ugumu wao unafanana kwa karibu na wa Kolhapur, kwa kuwa ufundi wao umevuka mpaka wa kiutawala. Kyela iko Mkoa wa Mbeya na Ludewa iko Njombe. India ilisajili jina moja kwa majimbo mawili na mashirika mawili, na leo yote mawili yamo ndani ya mkataba. Mikoa yetu isipokubaliana mapema, mmoja utasajili na mwingine utabaki ukilalamika, na wafinyanzi wa kijiji kimoja wataambiwa kuwa chungu cha bibi zao si halali. Kanuni zenyewe zisiandikwe kwa namna ya kuwafunga vijana. Msusi wa Kilolo akitaka kutia mpini wa ngozi au rangi ya dukani, aruhusiwe, mradi milulu ni milulu na mkono ni mkono. Nina wasiwasi zaidi na sisi watu wa mjini, wenye simu, stakabadhi na Kiingereza cha kuandikia maombi, tusije tukasajili ushirika wa wasusi usio na msusi hata mmoja kwenye kamati yake.

Kwa hiyo ninawaomba maofisa utamaduni na maofisa biashara wa halmashauri za Iringa, Kilolo, Mufindi, Kyela na Ludewa waanze na kazi isiyohitaji bajeti kubwa: kuorodhesha wasusi na wafinyanzi kijiji kwa kijiji, kuandika jinsi kila kazi inavyofanywa, na kuwaita wenyewe wachague watakaowasemea. Mafundi cherehani wenzangu tunaweza kuanza hata leo kwa kuandika kwenye lebo kitambaa kimetoka wapi na nakshi imetiwa kwa mkono au kwa mashine. Wanafunzi wangu wanafanya hivyo na hakuna mteja aliyekimbia. Gazeti hili nalo lina sehemu yake, Ndugu Mhariri. Kurasa zenu za mitindo humtaja mbunifu, mwanamitindo na mpiga picha, na ni nadra kumtaja aliyetarizi, aliyechapa au aliyesuka. Mstari mmoja chini ya picha ungetosha, na mwandishi wenu angelazimika kuuliza swali ambalo wabunifu wengi wa hapa hawajawahi kuulizwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi cherehani na mwalimu wa ushonaji,
Mwanjelwa, Mbeya.